Namba ya zamani haina maana seva yako imezeeka

Wiki hii mteja katupigia kwa hasira. Alikagua seva tuliyomfungia akakuta OpenSSH 9.2 (programu ya kuingia kwenye seva kutoka mbali), na kila anaposoma anaona watu wapo 9.8 na kwenda juu. "Nimelipia kipya, mmeniwekea cha zamani." Si wa kwanza, na neno hilo linatuuma kila tunapolisikia, maana namba ile tuliichagua kwa makusudi.

Seva yake inatumia Debian 12, mfumo endeshi wa familia ya Linux. Tundu kubwa la usalama la OpenSSH lilipotangazwa Julai 2024, dawa yake ilitoka ndani ya 9.8. Debian hawakuhamia huko. Waliichukua dawa wakaishonea kwenye 9.2 ileile, ikatoka ikiitwa 9.2p1-2+deb12u3. Tazama huo mkia, u3: kiraka ndicho hicho. Tundu likazibwa, vingine vyote vikabaki kama vilivyokuwa, na programu iliyofanya kazi jana ikaendelea kufanya kazi.

Hasara huletwa na njia ya mkato. Mteja mwingine alitaka toleo jipya la programu moja tu, akaongeza mstari wa sid, tawi la Debian lisilo thabiti, kwenye sources.list, faili linaloueleza mfumo uchukue programu wapi. Programu ikadai libc6 mpya (maktaba ya msingi ambayo karibu kila programu huitegemea), libc6 ikaburuta maktaba nyingine nyuma yake, mwisho hifadhidata ikagoma kuwaka. Kurudi nyuma hakuwezekani kirahisi. Debian hawahudumii kushusha matoleo. Tulikesha watu wawili tukinasua data, kisha tukafunga mfumo upya. Bili ilipofika akasema tumemwibia. Programu aliyoitafuta ilikuwepo kwenye backports, hazina ya Debian ya matoleo mapya yaliyoandaliwa kwa mfumo thabiti, kazi ya dakika chache.

Machi 2024 ulipogunduliwa mlango wa siri ndani ya xz (programu ya kubana mafaili) 5.6.0 na 5.6.1, ulikuwa umeshaingia sid. Debian thabiti haikuguswa, na seva za wateja wetu zililala salama.

Kompyuta mpakato mpya ni habari nyingine. Kadi ya Wi-Fi iliyotoka juzi keneli (kiini cha mfumo) ya zamani huenda isiitambue kabisa, hapo tunaweka Fedora, Linux nyingine inayokuja na programu mpya zaidi, bila kusita. Ila tunakwambia mapema: kila toleo lake huhudumiwa miezi 13 hivi, kwa hiyo utapandisha angalau mara moja kwa mwaka, na chelezo huchukuliwa kwanza. Kama unataka mashine ya kuwekwa pembeni miaka mitatu, usituombe Fedora.

Kabla hujagusa sources.list, tutumie jina la programu unayoitaka. Kukuangalizia kama ipo backports hatutozi kitu.