Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Mbeya: hizi linki za utafiti wa afya

Daktari shikamoo. Nakuandikia kuhusu hizi linki zinazozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, jaza fomu, unaumwa nini, unatumia dawa gani, umeshapima VVU, halafu mwishoni weka namba ya simu utumiwe bando. Watu wanajaza kweli, na mwenye laini mbili anajaza mara mbili, kwa hiyo huko kwenye matokeo keshakuwa wagonjwa wawili.

Sipingi watu kujieleza wenyewe. Kuna mtandao wa wagonjwa Marekani unaitwa PatientsLikeMe, wenye ugonjwa wa neva wa ALS walikuwa wanajaza hali zao wenyewe, na mwaka 2011 majibu yao yakaonyesha dawa ya lithiamu haiwasaidii. Safi kabisa. Ila wale walikuwa wanaujua ugonjwa wao. Huku kwetu utafiti wa kitaifa wa VVU wa 2022/23 ulipita nyumba kwa nyumba ukatoa watu damu, na kati ya watu wazima waliokutwa na virusi kama asilimia 17 hivi hawakuwa wanajua. Sasa hao ukiwatumia linki watajibu "sina" na wala hawadanganyi!

Bado mama wa Kyela mwenye kiswaswadu, bado mchimbaji wa Chunya, hao linki haiwafikii kabisa. Halafu kesho mtu anasimama kwenye kikao anasema wana Mbeya asilimia kadhaa wana presha, kumbe waliojaza ni wanachuo wa hapa mjini tu, na dawa zinapangwa kwa hesabu hiyo.

Na hizo taarifa anabaki nazo nani? 23andMe ya Marekani ilikuwa kampuni kubwa ya kupima vinasaba (DNA), watu wanatuma mate na kujibu maswali ya afya zao, 2023 wadukuzi wakachota taarifa za watu karibu milioni 6.9, 2025 kampuni ikaomba kufilisika na taarifa za wateja zikawa mali ya kuuzwa. Sisi tunampa mtu hata jina lake hatulijui, wakati Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tunayo, na utafiti wa binadamu unatakiwa uwe na kibali cha maadili.

Ninachoomba Daktari ni tangazo tu, linki isiyo na namba ya kibali, jina la mtafiti na namna ya mtu kujitoa, watu waiache. Tafiti zenye kibali zibandikwe kwenye zahanati, na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaopita majumbani waambieni walisemee na hili, maana wao hata mwenye kiswaswadu wanamfikia.