Duka la babu yako, kabla hawajalipiga saruji

Wete, Pemba

Shoga yangu Asha,

Assalamu alaykum. Sisi hapa wazima, alhamdulillahi, na mama anakusalimu sana. Nilikusudia nikuandikie baada ya Idi, lakini jana nimepita dukani kwenu nimekuta mifuko ya saruji imepangwa barazani, nikaona nisingoje.

Kaka yako anataka kulitengeneza, na simlaumu. Ukuta wa uchochoroni umebambuka na masika yote maji yalikuwa yakiingia. Lakini fundi aliyemleta amemshauri abandue chokaa yote, apige plasta ya saruji ndani na nje, kisha ang'oe milango ya mbao atie mmoja wa chuma wa kuviringisha. Asha, mzuie.

Tumecheza nage mbele ya baraza ile miaka yote na hatukujua tumeegemea nini. Kuta zile ni mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, nene kupita dhiraa moja. Na chokaa yenyewe ni matumbawe hayo hayo, yamechomwa kwenye tanuu la kuni. Ukuta wa namna hii hunywa maji ya mvua, jua likiwaka ukayatoa. Ukiuvisha saruji, maji yaliyomo hayana tena pa kutokea. Yanabaki humo na chumvi yake, yanaula ukuta kwa ndani, mpaka plasta inadondoka pamoja na mawe.

Kinachonitisha zaidi ni boriti. Vichwa vya boriti za mikoko vimezama ukutani. Ukuta ukikaa na majimaji vinaoza humo humo, wala hujui kitu mpaka siku unayosikia dari inalia. Unakumbuka ulivyokuwa ukilalamika kuwa chumba chenu cha juu ni chembamba kama ushoroba? Ni boriti hizo. Mkoko haubebi upana wa zaidi ya mita tatu hivi, basi fundi aliyetaka chumba kikubwa alikirefusha, hana la kufanya jengine. Majumba ya Mji Mkongwe nayo ni vivyo hivyo, hata ya matajiri.

Juzi nilikaa na baba mdogo akanisimulia. Mji huu, anasema, umejengwa na karafuu. Kimbunga cha 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, ya Pemba ikasalimika, na tangu hapo karafuu nyingi ya Zanzibar imekuwa ikitoka kwetu. Mhindi aliyelijenga duka lenu alikuwa akiwakopesha wakulima mchele na nguo kabla ya mavuno, nao wakija kulipa kwa magunia ya karafuu. Ndiyo maana duka liko mbele, ghala nyuma, na watoto wake wakilala juu, pale pale juu ya mali yake. Babu yako alipolinunua hakubadilisha kitu. Serikali ilipoanzisha ZSTC, shirika lake la biashara, mwaka 1968 na biashara ya karafuu ikawa yake, lile ghala likakosa kazi, likawa la viti vibovu na mabaiskeli. Wiki iliyopita nilichokonoa ufa wa sakafu kwa kijiti, Asha, likatoka konyo la karafuu. Nimelifunga kwenye kitambaa, nimekuwekea.

Na ile milango! Mbao sita zinazokunjana. Asubuhi zikishakunjwa duka zima linakuwa barabarani. Mteja anakaa barazani, anaulizwa hali ya watoto kabla hajaulizwa anataka nini, na upepo wa bandarini unapita mpaka ghalani. Milango ile ndiyo uso wa duka. Weka chuma pale, mtu atanunua sukari yake amesimama juani na kwenda zake.

Mji Mkongwe umo katika Urithi wa Dunia tangu 2000, una mamlaka yake, na mtu hagusi ukuta bila ya kibali. Wete haimo kwenye orodha hiyo. Duka lile halina wa kulisemea isipokuwa nyinyi wenyewe, na wewe una fungu lako kama alivyo nalo kaka yako.

Nimemtafuta mzee mmoja wa Mtambwe ambaye bado anajua kazi ya chokaa. Amekuja, amegonga gonga kuta zote kwa kiganja. Kasema palipooza ni uchochoroni tu, na boriti mbili za upande ule zibadilishwe. Paa lizibwe kwanza, kabla ya yote. Milango ni mizima. Ubao wa nne ndio umeliwa chini, kiasi cha shibiri, na seremala anaweza kuunga.

Mpigie kaka yako kabla ya Jumamosi, maana fundi wa saruji anaanza siku hiyo. Mimi hanisikilizi, ananiona bado yule mtoto wa jirani. Wewe atakusikiliza.

Nisalimie wanao wote huko Maskati.

Wako,
Maryam