Choo kimefungwa, swahiba

Swahiba wangu,

Salamu nyingi, na wa nyumbani wote uwasalimie. Najua nimekaa kimya tangu uhame, lakini usinilaumu: ni wewe uliyenipendekeza kuwa katibu wa klabu yetu ya kujitolea, kisha ukafunga mizigo. Sisi wazima. Mwenyekiti ni yule yule, kengele ile ile, na Mzee wa Faini bado anatoza watu kwa kuchelewa na kwa simu kuita. Juzi kanitoza mimi kwa soksi zisizofanana.

Nakuandikia kwa sababu ya choo.

Mwaka wetu unafungwa tarehe 30 Juni na ripoti naiandika mimi. Mengine yalijiandika yenyewe. Siku ya kuchangia damu tulijitokeza kumi na tisa, wanne wakarudishwa kwa upungufu wa damu, akiwemo mweka hazina aliyejigamba wiki nzima. Upimaji wa macho ulijaza ukumbi. Bibi mmoja alijaribu miwani ya kusomea, akautazama mkono wake kwa muda mrefu, akasema, "Kumbe nina makunyanzi hivi!" Tulicheka, yeye akituongoza. Kurasa mbili nilizimaliza jioni moja. Nilipofika kwenye vyoo tulivyoijengea shule, kalamu ikagoma.

Wenzetu wanataka niandike "mradi umekamilika". Matundu manne yapo, tangi la maji lipo, utepe ulikatwa, picha tunazo. Ila wiki iliyopita nilipita pale nikakuta kufuli mlangoni, limeshaanza kushika kutu. Nyuma ya madarasa, kile kijia cha vichakani kinang'aa kwa nyayo kama zamani. Mwalimu mkuu hakunigombeza. Alisema tu, "Mlitupa choo, hamkutuachia sabuni wala mtu wa kusafisha. Kikichafuka nitalaumiwa mimi." Ningemjibu nini?

Nikalipeleka mkutanoni. Kimya. Kisha yule wako wa Mipango akasema tuendelee na mradi mpya, vyoo havina mvuto, nani atatundika picha ya choo ukutani? Hapo nikapandwa. Nikawakumbusha Rotary, wakongwe wa vilabu vya aina yetu: Paul Harris na wenzake watatu walikutana Chicago tarehe 23 Februari 1905, wakawa wanazungusha mikutano ofisi kwa ofisi, na jina likatokana na mzunguko huo. Mwaka 1907 walipotaka kuufanyia mji wao jambo, walishika kampeni ya vyoo vya umma. Vyoo! Mzee wa Faini akanitoza kwa kuhutubia nikiwa nimekaa.

Nililipa, lakini sikucheka. Unajua, nadhani tunapendana mno. Mikutano yetu ni mitamu, utani juu ya utani, hata mtu anaona haya kumuuliza mwenzake ile kazi aliyoahidi imefikia wapi. Nami ni mmoja wao. Tangu siku ya utepe sikuwa nimekanyaga pale shuleni, na kwangu ni mwendo wa dakika ishirini.

Sasa shida yangu. Mwenyekiti anaapa kwamba sabuni na mshahara wa msafishaji waliahidi wazazi. Wazazi wanaapa tuliahidi sisi. Siku ya kikao tulichoahidiana na wazazi, aliyekuwa akiandika ni wewe, kwenye lile daftari la buluu lenye jalada lililochanika. Nipigie picha ukurasa huo. Kama ni sisi tulioahidi, nitumie vilevile, usinifiche kwa kunionea huruma. Bora nijue kabla ya kusimama mbele ya watu na ripoti.

Daftari unalo kweli, au lilibaki kwenye yale maboksi? Unakumbuka nani alikuwa wa kwanza kutamka sabuni? Na wewe ungekuwa mimi, ungeliandika hilo neno "umekamilika"? Mguu wa mama unaendeleaje? Huko umeshapata klabu, na wanatoza faini, au wamestaarabika? Utakuja siku ya kukabidhiana uongozi?

Jibu upesi, tafadhali, Juni inakwisha.

Ni mimi wako,
Katibu uliyemtega

N.B. Faini yako ya siku ya kuagwa bado iko kitabuni. Mzee anaiulizia kila wiki.