Barua kwa mwanangu: simu siahidi

Assalamu alaykum mwanangu,

Meseji yako nimeiona jana baada ya Isha, eti stimu ya kusoma imeisha na nikikuahidi simu mpya utapasi yote. Nikacheka, halafu usingizi ukanipaa, maana hilo kosa nishakufanyia.

Wakumbuka vidau vyako? Una miaka 8, kutwa uko karakanani kwangu waokota vipande vya mbao, wachonga, wafunga tanga la mfuko wa unga, maji yakijaa huyoo mbio pwani kuvishindanisha na wenzio, mamako akikuita ule husikii. Mimi na tamaa zangu nikaona watalii wanavitaka nikakwambia kila kidau shilingi 50. Ukachonga kama mashine (tanga zikaanza kuwa ovyo, usukani huweki, nami nikanyamaza kwa vile vyauzika). Watalii wakapungua, pesa sina, ukaweka patasi chini mpaka leo. Mi nikasema uvivu.

Sasa juzi dadako kanisomea kwenye simu, mwaka 1973 kule Marekani mwanasaikolojia Mark Lepper na wenzake walichukua watoto wa chekechea wanaopenda kuchora, wengine wakaahidiwa cheti chenye utepe wakichora, wengine wakapewa cheti hicho hicho ghafla baada ya kuchora, wengine hawakupewa kitu. Baadaye wakaachwa wacheze wanavyotaka, na wale walioahidiwa wakawa wachora kama nusu tu ya wenzao. Waliopewa ghafla hawakudhurika. Yani si zawadi, ni ule mkataba wa kabla, mchezo umegeuka kibarua. Nikamwambia dadako soma tena, hizo si habari za vidau hizo?

Usinielewe vibaya, pesa ina pahala pake. Kupiga msasa mlango mzima mimi nisipolipwa sifanyi, nani apenda vumbi lile.

Ila kuna jambo jengine, wanasaikolojia Edward Deci na Richard Ryan wasema mtu hupata hamu akiona kachagua mwenyewe, akiona anaiweza kazi, na akiwa na watu wanaomjali. Hilo la kuchagua limenichoma. Uhasibu nilikuchagulia mimi, wewe ulitaka nini hata sikuuliza. Basi nauliza leo, nijibu kweli, sitakasirika (nitakasirika kidogo). Umechoka kusoma, au umechoka na uhasibu?

Mamako kakuwekea mkate wa sinia na achari kwenye basi la kesho asubuhi toka Mokowe, uwahi stesheni, mara ya mwisho ulichelewa, mkate ukaliwa.

Babako