Zana mpya za kublogu zijaribiwe pia mlango wa kutokea

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumzie jambo ambalo naona linasahaulika kila gazeti lako linapowajulisha wasomaji zana mpya za kublogu na za kuandika kwa pamoja mtandaoni. Makala hizo zimenisaidia sana, lakini karibu zote hueleza namna ya kujiunga, na ni nadra kueleza namna ya kuondoka na maandishi yako yakiwa salama.

Sisi tulilijua hilo baada ya kupata hasara. Tulikuwa watu sita tunaoandika blogu moja, tukahamia kwenye huduma iliyotuvutia kwa kuwa wote tuliweza kuhariri rasimu moja kwa wakati mmoja, kila mtu akiyaona masahihisho ya mwenzake papo hapo. Haukupita muda mrefu tukaarifiwa kwamba huduma inafungwa. Machapisho tuliyapakua, lakini maoni ya wasomaji, ambayo mara nyingine yalikuwa na elimu kuliko makala zenyewe, hayakuwamo katika faili tuliyopewa. Maoni hayo ndiyo yanayoniuma hadi leo, kwa sababu makala inaweza kuandikwa upya, ila mazungumzo ya watu hayarudiwi.

Hata kampuni kubwa hufunga huduma zake. Google ilitangaza Google Wave mwaka 2009 kama njia mpya ya kushirikiana, na mwaka uliofuata ikaacha kuiendeleza. Posterous, iliyopendwa na wanablogu kwa sababu chapisho lilitumwa kwa barua pepe tu, ilinunuliwa na Twitter mwaka 2012 na kufungwa Aprili 2013.

Kwa upande mwingine, WordPress, programu ya kublogu, ilizaliwa mwaka 2003 kutokana na programu iliyoitwa b2, ambayo mtunzi wake alikuwa ameacha kuishughulikia. Kwa kuwa b2 ilikuwa programu huria, wengine waliruhusiwa kisheria kuichukua na kuiendeleza. EtherPad nayo, programu ya kuandika kwa pamoja mtandaoni, baada ya kununuliwa na Google mwishoni mwa 2009, msimbo wake, yaani maandishi yanayoiunda programu, uliwekwa wazi kwa wote, na hadi leo yeyote mwenye seva, yaani kompyuta ya kuhudumia tovuti, anaweza kujiwekea. Ndiyo maana swali langu la kwanza juu ya zana yoyote ni nani ana haki ya kuiendeleza mtunzi wake akichoka.

Siku hizi hatuanzi na kazi halisi. Tunaandika machapisho matatu ya majaribio yenye picha, viungo na maoni ya watu wawili tofauti, kisha siku hiyo hiyo tunayatoa yote na kuyaingiza katika programu nyingine, tukiangalia kama tarehe, majina ya waandishi na picha vimefika. Mara nyingi picha hazifiki, kwa maana faili huwa imebeba anwani za picha tu, nazo picha zenyewe hubaki kwenye seva ya zamani. Tunamwondoa pia mmoja wetu kwenye kundi ili tuone kama kazi yake inabaki au inaondoka naye. Zaidi ya hayo, blogu yetu sasa ina jina lake la kikoa, yaani anwani yake ya mtandaoni, tunalolilipia wenyewe, ili tukihama viungo vya wasomaji visivunjike.

Sisemi watu waogope zana mpya. Kundi letu lisingeandika kwa wingi lilivyoandika bila hizo. Ombi langu ni kwamba mwandishi wa safu yenu ya teknolojia, kabla ya kuisifu zana, ajaribu kwanza kutoa humo alichokiandika, kisha awaambie wasomaji kilichotoka na kilichobaki. Akipenda, tutamtumia machapisho yetu matatu ya majaribio ili ayatumie katika kazi hiyo.

Wako katika uandishi,
Msomaji na mwanablogu