YAH: MALALAMIKO KUHUSU BROMIDI YA POTASIAMU ISIYOFAA KWA VIPIMO VYA INFRAREDI

Meneja Mauzo,
Ndugu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Sisi ni maabara ya ubora wa dawa. Chupa za bromidi ya potasiamu tulizonunua kwenu zina lebo isemayo ni za spektroskopia ya infraredi, yaani kipimo cha kutambua dawa kwa mionzi ya infraredi inayoifyonza, na tulilipa bei ya daraja hilo. Unga uliomo haustahili lebo hiyo.

Mlitujibu kwamba tuukaushe kabla ya kuutumia. Tunaukausha ovenini kwa nyuzijoto 110, kisha unapoa ndani ya desiketa, chombo kisichoingiza unyevu. Dawa tunaisaga kwenye kinu cha agati hadi chembe zisizidi mikroni 2 hivi, maana chembe kubwa hutawanya mionzi na kupotosha umbo la spektra, yaani mchoro wa mionzi iliyofyonzwa. Miligramu 1 au 2 za dawa huchanganywa na takriban 200 za bromidi, kisha hukandamizwa kwa tani 8 hadi 10 huku hewa ikinyonywa, mpaka kitoke kidonge angavu cha milimita 13. Cha kwenu nacho hutoka angavu; kwa macho hakina kasoro.

Unyevu tunaujua. Chumvi hii hunywa maji ya hewani, na hapa pwani wakati wa masika hatuwezi kuwabebesha ninyi lawama yote. Maji huonekana kama mkanda mpana karibu na 3400 na mwingine karibu na 1640, kwa hesabu ya mawimbi kwa sentimita, na tukikausha hupungua. Lakini kidonge cha bromidi yenu tupu, kisicho na dawa yoyote, bado kina kilele chembamba na kikali kwenye 1384. Hicho si maji. Ni nitrati, na nitrati haifukuzwi na oveni. Bromidi ya chupa yetu ya zamani, kwa kinu kilekile na mashine ileile, haina kilele hicho. Uchafu ulikuja ndani ya chupa zenu.

Kwa simu tulishauriwa na ofisi yenu tukiondoe kilele hicho kwa kompyuta, kwa kutoa spektra ya kidonge tupu. Vidonge havilingani unene, hivyo ukitoa kimoja kwenye kingine hubaki masalia, au hutoweka kitu ambacho ni cha dawa yenyewe. Eneo la chini ya 1500 ndilo linalotutambulishia dawa. Hapo ndipo tunapolinganisha parasetamoli iliyoletwa na ile ya rejea. Hatuwezi kusaini cheti juu ya spektra tuliyoifuta sehemu. Kuna mgonjwa atakayemeza dawa hiyo kwa kuamini saini yetu.

Kwa sasa tunasaga sampuli kwenye mafuta ya madini yaitwayo Nujol badala ya bromidi, lakini mafuta hayo yana mikanda yake karibu na 2900, 1460 na 1375, palepale tunapotaka kuona.

Tunaomba mchukue chupa zote, zikiwemo ambazo hatujafungua, na mtuletee nyingine kwa gharama yenu. Kila toleo lije na cheti chake cha uchambuzi pamoja na spektra ya kidonge tupu kutoka 4000 hadi 400. Kama hamwezi kutoa spektra hiyo, turudishieni fedha. Tunasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14.

Wako katika kazi,
Mkuu wa Maabara