Kodi ya miezi sita na mtoto wa kwanza vimegongana

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako niseme haya, maana nikiyaongea nyumbani namtia mke wangu presha na kliniki wameshatuambia presha hawaitaki.

Mke wangu ana mimba ya miezi saba, mtoto wetu wa kwanza. Tunakaa Buguruni chumba kimoja, choo cha nje tunachangia nyumba nzima, usiku akitaka kwenda inabidi niamke nimmulikie na tochi ya simu maana uani hakuna taa na kuna bomba limejitokeza chini kashajikwaa nalo mara mbili. Hayo tumezoea. Kilichonikosesha usingizi ni simu ya mama mkwe, kapiga toka Korogwe anasema nauli ameshaiweka pembeni, anakuja kumuangalia mwanae mpaka arobaini iishe. Sasa we Mhariri fikiria, chumba kimoja, kitanda kimoja, katikati pazia, mimi na mama mkwe tulale humo? Nikimwambia asije nimemvunjia heshima. Nikimpeleka mke akajifungulie kwao, mwanangu nitamuona kwenye picha za simu. Fundi mwenzangu ananishauri niwe nalala kazini, kwenye mabenchi ya alumini, siku arobaini!

Basi nikaanza kutafuta chumba na sebule chenye choo ndani. Tabata nikapata cha laki na nusu kwa mwezi, mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo, laki tisa, dalali nae anataka ya mwezi mmoja, hapo ni milioni na elfu hamsini bado sijalipa gari la kuhamia wala hiyo elfu kumi kumi ya kuonyeshwa kila chumba hata ambacho kilishapangishwa jana. Mimi nalipwa kila Jumamosi. Na kodi ya hapa Buguruni inaisha mwezi wa kumi, mwezi huo huo anaotakiwa kujifungua, yani hela ya hospitali na hela ya nyumba zinadaiwa kwa pamoja mfuko ule ule.

Halafu kuna jingine. Nyumba moja tulishakubaliana kabisa, mama mwenye nyumba alipomuona mke wangu na tumbo akageuka, mara wapangaji wake hawapendi kelele za vichanga, mara maji ya kufulia nepi yatakuwa mengi. Miaka minne nyuma nilikataliwa vyumba kwa sababu ni bachela, bachela wanaleta wasichana. Nimeoa, nakataliwa kwa sababu mke ana mimba. Sijui wanataka tuwe nani.

Zamani ilikuwepo sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984, ikafutwa 2005, toka hapo kwa sisi wa uswahilini kodi ni wewe na mwenye nyumba wako na Mungu. Ila linaloniuma zaidi ni hili la Luku. Kodi ya jengo kwa nyumba ya kawaida ni 18,000 kwa mwaka, serikali ikaona mwananchi asiumie, ikaigawa inakatwa 1,500 kila mwezi kwenye umeme. Na anayenunua umeme ni mpangaji. Kwa hiyo mwenye nyumba kodi yake ya elfu kumi na nane inalipwa kidogo kidogo na tunamlipia sisi, mimi ya kwangu ya laki tisa natakiwa niitoe yote siku moja! Kama mashine imeweza kuhesabu ya kwake kwa mwezi, ya kwetu inashindikana nini? Hili ndo naomba mtuulizie kwa wahusika huko wizarani, kodi ya mwezi ilipwe kwa mwezi, basi, hatujaomba kupunguziwa.

Jumamosi hii nikishalipwa naenda kuangalia chumba Kinyerezi, dalali anasema mwenyewe anapokea miezi mitatu. Safari hii naenda peke yangu, mke na tumbo lake nawaacha nyumbani.

Baba mtarajiwa,
Buguruni, Dar es Salaam